Mgeni wa Njaa

Mama yangu alianza kuongea na dada yake katikati ya msimu wa kahawa, na dada yake huyo alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa.

Naanzia hapo kwa sababu nikisema nataka kusimulia habari za ugonjwa wa sukari, watu hupiga miayo. Sukari wanaijua. Huku kwetu Kanyakine karibu kila boma lina mzee au mama mwenye kadi ya kliniki na mfuko wa dawa uliotundikwa kwenye msumari jikoni. Lakini hawapigi miayo nikiwaambia kwamba nilisimama kati ya miti ya kahawa mchana, nikamsikia mama akicheka na mtu upande wa pili wa mstari, nikayatenganisha matawi nimwone huyo mtu ni nani, na mtu hakuwapo.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kukaa naye. Ndoa yangu ilikuwa imenishinda, baba alikuwa ametangulia, na nyumba ilibaki na vyumba vingi kuliko watu. Nilikuwa na duka la nafaka pale Nkubu, na bado ninalo: mahindi, maharagwe, mchele, unga, sukari ya kupima. Nalitaja mapema mtu asije akadhani nina ugomvi na wanga. Wanga ndio unaonilisha.

Mama hakuzaliwa Mmeru. Alitoka Kanja, upande wa Embu, akaolewa huku akiwa msichana, na ingawa alikijua Kimeru mpaka akawa anatukana nacho bila kutafuta maneno, wanawake wa kijiji hawakuacha kumwita Muembu. Walisema kwa mzaha, naye alicheka nao, lakini ni mzaha wa aina ile inayokukumbusha kila wiki kwamba ulikuja na begi. Kiembu chake alikuwa amekiweka kando. Sisi watoto tulikielewa nusunusu tu, kwa vile lugha hizi zinakaribiana. Hakuwa amebakiwa na mtu wa kuongea naye.

Kwanza zilikuja hasira. Asubuhi mama alikuwa mtu wa raha kabisa. Alikunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, mkate mweupe vipande juu ya vipande, akaimba akilisha ng'ombe. Kufikia saa nne alikuwa ameshaniambia habari za kijiji kizima. Kisha alikula mukimo, viazi na ndizi vilivyopondwa pamoja, sahani iliyopigwa mlima, akakaa kwenye kiti cha baba, na kitu kikaanza kumshuka usoni. Alasiri alikuwa mtu mwingine. Alilia kwa sababu kuku amepanda dirishani. Aliniambia niliharibu ndoa yangu kwa mdomo, jambo ambalo ni kweli lakini halisemwi. Halafu jioni, baada ya chai nyingine, alirudi kuwa mwema na hakukumbuka kosa lake. Nilisema ni ujane. Nilijua watu wanaoomboleza huwa hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa na kilio changu, kwa hiyo nilimwacha na chake.

Ni kiu iliyotupeleka hospitalini. Alikunywa maji mpaka akawa anabeba jagi kwenda nalo chooni, maana alijua atalihitaji akirudi. Pale Nkubu muuguzi alimtoboa kidole, akasoma mashine, akavuta kiti karibu.

"Shosho, sukari yako iko juu sana. Hizi vitu unakula, mkate mweupe, chai ya sukari, viazi mlima mzima, zinaingia kwa damu haraka. Unaskia poa kidogo, halafu inashuka, na wewe unashuka nayo. Ndio unakuta umekasirika bure, unalia bure."

Mama alinitazama, nami nikatazama ukuta.

"Sasa si ati usikule," muuguzi akaendelea. "Kula. Lakini kama ni githeri, maharagwe ikuwe mingi, mahindi kidogo. Nduma ni sawa. Mboga nyingi. Tembea kidogo ukimaliza kukula, ota jua, kaa na watu, usijifungie kwa nyumba. Hata roho itapata nafuu. Na hii dawa, usimeze ukae na tumbo tupu. Ukimeza, lazima ukule. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," mama akasema kwa heshima, kwa Kiswahili chake cha kanisani.

Hawakuelewana. Mama alikuwa mtu wa kushika amri, na kati ya amri zile alishika mbili: dawa isirukwe hata siku moja, mahindi yapunguzwe. Ile ya kula ilimpita. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwamuru ale, na nadhani hakujua kwamba hilo nalo linaweza kuwa agizo la daktari.

Nyumbani tuliweza. Nilimpikia maharagwe na mboga ya terere, nikamkatia parachichi, akanung'unika na akala. Shida ilikuwa siku za kikundi.

Huku kwetu wanawake huchumiana kahawa. Leo tuko kwako, kesho kutwa kwangu, tunazunguka hivyo mpaka msimu uishe, na mwenye shamba ndiye anayepika. Chakula ni githeri, na huliwa hapohapo shambani, wote mkiwa mmekaa chini, sahani mapajani. Sasa katika githeri kuna jambo moja ambalo hakuna mtoto wa Kimeru wala wa Kiembu asiyelijua, kwa sababu alilijifunza kwa kofi la mkono: huchagui maharagwe. Anayechagua maharagwe na kuacha mahindi ni mlafi asiye na adabu, na mama yake pia. Unakula kijiko kama kilivyokuja.

Na kukataa chakula kabisa ni kubaya zaidi. Ukikataa sahani ya mwenye shamba umemwambia mbele ya wenzake kwamba unamshuku, kwamba pengine amekutilia kitu. Maneno hayo hayasemwi kwa sauti. Yanakaa tu hapo kati yenu, na mwaka ujao unachuma kahawa yako peke yako.

Basi mama angefanya nini? Achague maharagwe mbele ya watu, mwanamke wa umri wake, tena Muembu? Angekufa kwanza. Akabuni njia yake. Alipokea sahani, akashukuru sana, akasifu githeri, akaenda nayo nyuma ya miti ya kahawa akisema anataka kukaa kivulini, na huko akawamwagia kuku wa mwenye shamba. Kila mtu akaridhika. Na asubuhi kabla ya kutoka alikuwa amemeza dawa yake, akashushia chai tupu isiyo na sukari. Aliamini anamtii muuguzi kuliko mgonjwa yeyote wa Nkubu.

Mimi hayo ya kuku sikuyajua wakati huo. Nilijua tu kwamba siku za kikundi, baada ya chakula, mama alianza kubadilika kwa namna mpya. Hazikuwa tena hasira za zamani. Hizo nilizizoea.

Siku ile niliyoitaja mwanzo nilikuwa nimefunga duka nikaja kusaidia. Kulikuwa na baridi na ukungu umekaa juu ya shamba, ule unaofanya sauti ya jirani isikike kama iko shingoni mwako. Nilikuwa nachuma mstari wangu, kikapu kiunoni, nikasikia mama upande wa pili akiongea Kiembu. Aliongea kwa haraka na kwa furaha, sauti ya msichana, akakatiza, akasikiliza, akacheka, akajibu. Nilidhani amekuja mgeni kutoka kwao. Nilitabasamu hata. Kisha nikatenganisha matawi.

Alikuwa peke yake. Jasho lilimtiririka usoni katika baridi ile, vidole vinatetemeka, na kahawa mbichi alizochuma zilikuwa zinamdondoka mkononi moja moja. Alikuwa anatazama mahali kati yangu na mti wa mkadamia, juu kidogo ya bega langu.

"Mama," nikasema.

Akanigeukia. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa watu uliyemkuta njiani, akaniuliza, "Wewe ni wa nani?"

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuachwa, lakini sijawahi kuambiwa neno lililonikausha vile. Nilimwambia mimi ni wake. Akamgeukia yule wa kwenye mkadamia, akamwambia jambo kwa Kiembu, na wote wawili, maana ndivyo nilivyohisi, wakaniona mjinga.

Nilipiga kelele. Wanawake wakaja mbio. Yupo mmoja katika kikundi ambaye ni kiongozi wa maombi kanisani kwetu, mama mnene mwenye sauti ya kuita mvua, naye alimshika mama kichwa akaomba mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akaomba, akaomba. Kisha mwenye shamba akaleta chai, ile ya kikundi, ambayo hupikwa na sukari yake humohumo kwenye sufuria ili kusiwe na wa kupunja, na kiongozi wa maombi akamnywesha mama kikombe kizima kwa mkono wake. Baada ya muda mfupi mama akapepesa macho, akauliza mbona tumesimama na mvua inakuja.

"Bwana asifiwe," wakasema wote.

Mimi pia nilisema. Sukari ilifanya kazi, maombi yakachukua sifa, na kwa muda mrefu hakuna aliyewaza kuwatenganisha hao wawili. Hali hiyo ilijirudia shambani kwa jirani wa juu, na tena kwetu. Kila mara yule mgeni alikuja alasiri, baada ya chakula. Kila mara mama aliombewa, akapewa chai, akarudi.

Nilimuuliza mama ni nani anayeongea naye. Tulikuwa tumekaa nje tukipepeta maharagwe. Akaniambia waziwazi, bila kuona aibu.

"Ni dada yangu. Yule mdogo."

Huyo mama yangu mdogo nilimjua kwa picha moja tu, amesimama nje ya kanisa huko Kanja, mwembamba mno, macho makubwa. Alikufa kabla hajaolewa. Nilichowahi kuambiwa ni kwamba aliugua, akakonda, akawa anaongea na watu wasioonekana, na kwao wakasema kuna kitu katika nyumba ile kinachowapenda wasichana. Nyanya yangu pia alikuwa na siku zake za kusimama uwanjani akitazama kitu. Watu wa kijiji chetu waliposikia habari hiyo kutoka kwa mama mwenyewe walishusha sauti. Ilikuwa wazi kwao. Kitu kimevuka mto, kimemfuata Muembu hadi kwake.

"Anataka nini?" nikamuuliza.

"Hataki kitu. Anakuja tu kuniona." Akapuliza makapi. "Ananiambia nimezeeka."

Akacheka peke yake. Mimi, nisikufiche, nilimwonea wivu yule marehemu. Mwaka mzima nilikuwa nakaa na mama nikimpikia, na hakuwahi kucheka nami namna hiyo.

Kanisani wakaamua tufunge. Kina mama wa maombi wangekuja nyumbani, tungeimba na kuomba mchana kutwa, wote na matumbo matupu, mama akiwa katikati. Nilikubali. Moyo ulikuwa unanisuta mahali, lakini nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu, na watu wanapokuja nyumbani kwako kukusaidia kuogopa unawafungulia mlango. Mama alikubali zaidi yangu. Alisema kitu kimoja tu, kwamba dawa atameza, maana daktari alimwambia asiiruke. Kiongozi wa maombi akafikiri, akasema dawa si chakula. Mama akameza kwa maji.

Sebule yetu ilijaa. Mabenchi ya kanisa yaliletwa, mama akakalishwa kwenye kiti cha baba, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya hewa. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Kufikia adhuhuri nilianza kuona jasho kwenye paji la uso wa mama. Halafu midomo ikaanza kucheza katikati ya wimbo, si kwa maneno ya wimbo. Wimbo ulipoisha, kabla mwingine haujaanza, mama aliinua uso, akatazama mlangoni, akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya kumkaribisha mtu, "Ingia, umekawia."

Wanawake wote waligeuka kutazama mlango. Uwanja ulikuwa mtupu, jua limewaka, jogoo anapekua. Na kwenye benchi la karibu na mlango, mama mmoja mtulivu, mtu wa kwaya, asiyeongea sana, aliinua makalio kidogo akasogea kando. Alimpisha mtu akae.

Nadhani hakujua amefanya hivyo. Lakini nafasi ile ilibaki pale kwenye benchi, upana wa mtu mwembamba, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Kisha mama akaanguka kutoka kitini, na mwili wake ukaanza kurukaruka sakafuni.

Sikumbuki vizuri nilivyofika Nkubu. Jirani alikuwa na gari la kubebea ndizi. Nakumbuka kichwa cha mama mapajani mwangu, baridi na kimelowa, na kiongozi wa maombi amekaa upande wa pili akimshika miguu, akilia, bila kuomba. Hospitalini walimtoboa kidole, muuguzi akatazama mashine, akaitikisa, akatazama tena, akakimbia. Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Ni jambo la kutisha kuliona. Mtu aliyekuwa anaondoka anarudi mbele ya macho yako, kama maji yakijaa ndani ya mtungi. Rangi ikapanda, macho yakatulia, akanitambua. Akaniita jina langu. Kisha akatazama nyuma yangu, pande zote za wodi.

"Ameenda wapi?" akauliza.

Muuguzi ni yuleyule wa kwanza. Alipomaliza kunikaripia alikaa nasi, akamdodosa mama polepole, na hapo ndipo habari ya kuku wa watu ilipojulikana.

"Shosho, hii dawa kazi yake ni kushusha sukari. Kama hujakula, itashusha nini? Itashusha ile kidogo uko nayo. Na ubongo haina chakula ingine ya haraka, ni hiyo sukari. Ikikosa, inachanganyikiwa. Unatetemeka, unatoa jasho, unaona vitu, unasahau hata mtoto wako. Hiyo ndio ilikuwa inakusumbua. Si pepo."

Kiongozi wa maombi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu njiani, nimeyanoa. Alipogeuka nikaona uso wake, nikayameza. Yeye ndiye aliyekwenda kwa kila mwanamke wa kikundi, nyumba kwa nyumba, kueleza. Kwenye zamu iliyofuata, mwenye shamba alipika maharagwe peke yake kwenye sufuria ndogo, akampakulia mama kabla ya wote. Mama alikaa na ile sahani muda mrefu, kichwa chini kwa haya. Halafu kiongozi wa maombi akachukua kijiko chake, akachagua maharagwe kutoka kwenye githeri yake mwenyewe, moja moja, mbele ya wote, akayala. Baadhi ya wanawake walicheka mpaka wakaegemeana. Mama akala.

Daktari alipunguza dawa. Tukaanza maisha ya adabu: magimbi ya nduma yaliyochemshwa asubuhi na yai, terere, maharagwe, ndizi moja na si kichana, chai isiyo na sukari ambayo mama aliiita maji ya kuoshea kikombe. Baada ya kula tulitembea hadi barabarani na kurudi. Tulikaa juani tukimenya njugu. Mimi mwenyewe niliacha soda na mandazi ya dukani, mwanzoni kwa kumwonea huruma, na nikagundua kwamba ile hasira yangu ya alasiri, niliyokuwa nawatolea wateja, nusu yake ilikuwa ya mandazi. Nusu nyingine ni yangu. Mama hakulia tena kwa ajili ya kuku. Alinenepa uso. Watu walimsifu, na mimi nilijisifu, mpaka nilipoanza kuona kwamba haimbi.

Hakuwa na hasira wala machozi. Alikuwa shwari, anajibu ukimuuliza. Alasiri alihamisha kiti cha baba akakielekeza mlangoni, akakaa akitazama uwanja. Siku moja nikamuuliza anatazama nini.

"Hajakuja tena," akasema.

Nilimweleza upya, kwa subira niliyoikopa sijui wapi, kwamba hakuna aliyekuwa anakuja, kwamba ulikuwa ni ubongo wenye njaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," akasema. "Nilimsikia muuguzi. Lakini nyinyi mmenipa maharagwe, mkanichukulia dada yangu. Alikuwa mtu wa mwisho wa kuongea naye kwa lugha yangu."

Nilijaribu. Nilimpigia simu binamu yake Kanja, wakaongea kidogo, simu ikakatika. Nilijaribu kumuuliza maneno ya Kiembu, akanifundisha mawili matatu, akacheka matamshi yangu, akachoka. Nilimuuliza habari za dada yake alipokuwa hai, na hapo aliongea kweli, tukitembea, mpaka tukapita barabara bila kujua. Siku hizo alikuwa mwepesi. Lakini dukani kulikuwa na watu, na siwezi kukaa nyumbani kila siku. Nilimwachia chakula kimefunikwa, nikakuta sahani imeoshwa.

Kilichonirudisha mapema siku ile ni mvua tu, iliyofukuza wateja. Nilipita jikoni nikamkuta mbwa analamba maharagwe kwenye sufuria ya zamani. Maharagwe mengi, yaliyopikwa asubuhi. Nikatazama mfuko wa dawa kwenye msumari. Kidonge cha leo kilikuwa kimetolewa.

Nilijua kabla sijaingia sebuleni. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Kiti cha baba kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlangoni na mbele yake aliweka kigoda, amekifuta, amekitandikia kitambaa. Jasho limemlowesha kola. Mikono ilitetemeka mapajani, na uso ulikuwa na furaha ya mtu anayesikia hatua za mtu wake njiani.

Nilikimbilia jikoni nikakoroga sukari kwenye uji vuguvugu uliobaki, kijiko juu ya kijiko, nikarudi nao. Nikapiga magoti mbele yake. Akafunga meno.

"Mama, kunywa."

"Ngoja kidogo," akasema kupitia meno. "Amefika mlangoni."

Nikamfokea. Nilimwambia atakufa, ataniacha na nyumba hii na ng'ombe huyu, nilimwambia mimi ndiye mtoto wake niliye hai. Hakunisikia, au alinisikia akanipima na yule mwingine, na nikaona kipimo kinavyokwenda. Kope zilianza kumlegea. Nilijua baada ya hapo ni sakafu, na safari hii jirani hakuwepo wala gari lake.

Basi nikafanya nisichoamini. Niligeuza shingo nikatazama mlango, ule uwazi wenye mvua nyuma yake, na kwa Kiembu changu kibovu cha maneno machache nikasema, "Mama mdogo, karibu. Kaa. Tunakunywa uji."

Mama akafungua mdomo.

Nilimnywesha. Kijiko, kingine, kingine. Alikuwa anatazama kigoda, nami sikukitazama. Polepole mikono ikaanza kutulia, na macho yakaanza kuwa ya mama. Nilijua kila kijiko kinamfukuza dada yake. Yeye pia alijua. Alimeza, akaelekeza uso mlangoni, akamwambia kwa lugha yao aende salama.